Namna ya kulielewa na kulitumia neno la Kiingereza "volatile"

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ndogo ya kutafsiri tangazo la tahadhari lililokusudiwa kubandikwa katika ghala moja hapa Tanga, ambamo ziliwekwa thina za rangi, spiriti na madebe ya asetoni. Tangazo lilikuwa la maneno machache, na neno lililobeba uzito wote lilikuwa "volatile". Kwa kuwa nilizoea kulisikia neno "tete" kila taarifa ya habari inapotaja hali ya usalama katika nchi fulani, niliandika pasipo kusita: "Tahadhari, vitu tete." Nilipopita tena baada ya wiki chache niliyakuta madebe yametandikiwa magunia na majani makavu, yamepangwa moja moja kwa adabu kama vyombo vya kaure vya bibi harusi, huku mengine vifuniko vikiwa vimelegea na jua la alasiri likiyapiga kupitia dirishani. Nilipouliza, mtunza ghala alinijibu kwa upole, "Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyeandika kwamba ni vitu tete? Tunavibeba kama mayai." Hakuwa na kosa. Nilimwonya juu ya kuvunjika, ilhali hatari ilikuwa katika kuvukiza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwafundisha vijana wanaotafsiri, na wale wanaoandika Kiingereza kwa ajili ya kazi zao, kwamba neno hili halina mwenzake mmoja katika Kiswahili. Lina jamaa zake watano au sita, na kila mmoja hutumwa shughuli yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwatambua, na namna ya kuliandika neno lenyewe pale unapoandika kwa Kiingereza.

Hatua ya kwanza ni kuujua mzizi, kwa sababu mzizi wa neno hili bado unafanya kazi ndani ya maana zake zote. Limetoka katika Kilatini, ambako kitenzi "volare" kina maana ya kuruka kwa mbawa. Katika Kiingereza cha zama za kati neno hili liliwahi kuwataja ndege wenyewe, na Wafaransa hadi leo huwaita kuku na bata wa kufugwa "volaille". Hata mchezo wa voliboli, unaochezwa katika viwanja vingi vya shule zetu, umepata jina lake kutoka mzizi huo huo kupitia Kifaransa, kwa kuwa mpira hupigwa ungali unaruka angani. Baadaye, kuelekea karne ya 17, waliochemsha na kuchuja dawa walilichukua neno hilo kuelezea vitu vinavyopaa kutoka chunguni, na ndani ya karne hiyo likahamia kwa watu wenye mawazo na hisia zisizotua. Bei, siasa na kompyuta zilikuja kulidai baadaye. Kwa hiyo kila ukutanapo na neno hili jiulize: hapa ni kitu gani kinachoruka, na kinaruka kutoka wapi kwenda wapi? Jibu la swali hilo ndilo litakalokupa neno la Kiswahili.

Nianze na maana ya kemia, kwa kuwa ndiyo iliyonitia aibu. Katika kemia neno hili huelezea kitu kinachogeuka mvuke kwa urahisi katika joto la kawaida. Etanoli huchemka katika nyuzi 78 za Selsiasi na asetoni katika nyuzi 56 hivi, ilhali maji husubiri hadi nyuzi 100. Ndiyo maana tone la spiriti likianguka mkononi hukauka mara moja na kuacha ubaridi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, jambo ambalo mafuta ya taa hayafanyi, na hapo ndipo ilipo sababu ya kukatazwa kabisa kutia petroli katika kibatari au jiko la mafuta ya taa. Ukitafsiri maana hii, taja tendo lenyewe: "kinachovukiza haraka", "kinachogeuka mvuke upesi". Neno "tete" halina nafasi hapa.

Kuna jaribio rahisi ambalo huwafanyisha wanafunzi wangu, nalo huwaingia kuliko maelezo ya ubao mzima. Dondosha tone moja la mafuta ya nazi na tone moja la mafuta ya mkaratusi juu ya karatasi nyeupe, kisha iache karatasi mahali penye hewa. Doa la mafuta ya nazi litabaki liking'aa kesho na keshokutwa. Doa la mkaratusi litafifia hadi lipotee, kwa kuwa mafuta yale yameondoka na hewa, na kilichokuwa juu ya karatasi sasa kimo chumbani. Waingereza huyaita mafuta ya aina hii ya pili "volatile oils", na ya nazi huyaita "fixed oils", yaani yaliyotulia mahali pake. Mafuta ya karafuu, ya mchaichai na ya mlangilangi yote yamo katika kundi la wanaopaa, ingawa hayapai kwa kasi moja. Mwanamke wa Kitanga anayefunga kikuba cha asumini, mlangilangi na mrehani jioni, akijua kwamba alfajiri harufu itakuwa imepungua, anaijua sifa hii vizuri zaidi kuliko wengi wanaoliandika neno lenyewe.

Hapa ndipo panapotokea mchanganyo mkubwa kuliko yote, yaani kati ya "volatile" na "unstable". Katika lugha ya magazeti maneno haya mawili huweza kubadilishana viti, lakini katika maabara ni maneno mbalimbali kabisa. Kitu kilicho "volatile" hubadilisha hali tu, kutoka kimiminika kuwa mvuke, na mvuke wa etanoli ni etanoli ile ile. Kitu kilicho "unstable" huvunjika na kuwa kitu kingine. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, huachana taratibu ikawa maji na oksijeni, na mwanga huiharakisha. Ndiyo sababu huuzwa katika chupa nyeusi au za kahawia. Anayetafsiri maelezo ya dawa au mbolea akayachanganya maneno haya atampa msomaji shauri lisilofaa, kwa sababu la kwanza lataka kifuniko kikaze na la pili lataka giza na ubaridi. Kwa "unstable" ya namna hiyo andika "huoza kikemia" au, kwa msomaji wa kawaida, "huharibika na kugeuka kitu kingine".

Baada ya kemia, maana inayokutwa mara nyingi ni ya bei na masoko. Bei iliyo "volatile" ni ile inayopanda na kushuka ghafla, kwa viwango vikubwa, ndani ya muda mfupi. Zingatia kwamba pande zote mbili zimo: kupanda na kushuka. Wengi hudhani neno hili ni jina la adabu la bei kuanguka, nayo si kweli, kama historia ya mkonge wetu inavyoweza kuonyesha. Mkonge uliletwa katika pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa upande wa Pangani, na baada ya miongo michache mkoa huu ulikuwa ukiishi kwa nyuzi zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Vita vya Korea vilipowafanya wanunuzi wa dunia waogope uhaba, bei ya mkonge ilipaa, kisha ikateremka hofu ilipopungua. Kupaa na kuteremka huko ndiko kunakostahili kuitwa "volatile". Lakini katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, Tanzania ikiwa imekwisha kufikia uzalishaji wa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kamba za plastiki zilipoingia sokoni bei ilishuka na kuendelea kushuka. Hilo lilikuwa anguko. Anayeandika kwamba bei ya mkonge wakati ule ilikuwa "volatile" amewaficha wasomaji wake jambo lililofunga mashamba mengi. Vivyo hivyo, bei inayopanda kidogo kidogo kila mwezi, hata kama inamuumiza mnunuzi, si "volatile", kwa kuwa mwendo wake unatabirika.

Kwa Kiswahili, bei ya namna hiyo huweza kuitwa "bei inayoyumbayumba" au "bei inayopanda na kushuka ghafla". Napenda la kwanza, kwa sharti kwamba kitenzi kirudufiwe. Ukisema "uchumi umeyumba", msikilizaji wa Kitanzania huelewa kwamba umedhoofika; ukisema "unayumbayumba", humwonyesha mwendo wa huku na huku, kama dau linalopigwa na mawimbi ya ubavuni. Urudufu wa vitenzi wa namna hii ni chombo ambacho lugha yetu inacho na Kiingereza hakina, na mtafsiri asiyeutumia hapa anajinyima. Katika nyaraka za fedha nomino "volatility" huwa kipimo kinachohesabiwa, yaani ni kiasi gani mapato ya hisa au bei hutawanyika mbali na wastani wake. Soko la Chicago lilianza kutoa fahirisi ya namna hiyo, iitwayo VIX, mwaka 1993. Ukikutana na kipimo hiki, usiseme "hatari" peke yake. Sema "kiwango cha kuyumbayumba kwa bei", maana hatari ina aina nyingi na hii ni mojawapo tu.

Sasa tufike nyumbani kwa "tete". Waandishi wa habari wanaposema hali ya nchi au mkoa ni "volatile", wana maana kwamba pametulia kwa sasa lakini jambo dogo linaweza kuwasha ghasia wakati wowote. "Hali tete" hutosheleza hapo, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba neno hilo moja limebebeshwa pia "fragile", "tense", "critical" na "delicate", hata msikilizaji hajui tena kama mgonjwa mahututi, mazungumzo ya amani na mpaka wenye risasi vinatofautiana kwa lipi. Pendekezo langu ni kuligawa shamba hilo. Amani iliyo "fragile" iitwe dhaifu au iliyo rahisi kuvunjika. Hali iliyo "tense" iitwe ya wasiwasi, au isemwe kwamba watu wamekazana macho. Hali iliyo "volatile" iitwe tete, na ikiwa nafasi ipo iongezewe maneno mawili: "hali tete inayoweza kulipuka". Nyongeza hiyo humpa msomaji ile habari ya kuruka ghafla ambayo "tete" peke yake haiibebi.

Kwa watu, neno hili huhitaji uangalifu wa aina nyingine. Mtu aliye "volatile" ni yule ambaye moyo wake hubadilika upesi, hasa kuelekea hasira: sasa anacheka nawe, punde meza inapigwa konde. Kwetu huyo ana hasira za karibu, au ni mwepesi wa hasira. Wanafunzi wengi hukimbilia "kigeugeu", nalo ni kosa linalobadilisha tabia ya mtu mzima, kwani kigeugeu ni mtu asiye na msimamo, anayekuunga mkono asubuhi barazani na kukukana jioni, naye Waingereza humwita "fickle". Mwenye hasira za karibu anaweza kuwa rafiki mwaminifu kwa miaka 40. Katika maandishi ya zamani utalikuta neno hili likimsifu au kumlaumu mtu mchangamfu, mwenye akili inayorukaruka kutoka jambo hili hadi lile, bila hasira yoyote. Kwa hiyo angalia umri wa maandishi kabla ya kuchagua. Ndoa au urafiki ulio "volatile" ni ule wa ugomvi na mapatano yasiyokwisha. Na usilitumie "unstable" kwa mtu ukidhani ni sawasawa: kwa Kiingereza hilo hugusa afya ya akili, nalo huumiza.

Katika kompyuta mambo ni mepesi. Kumbukumbu iitwayo "volatile memory" ni ile inayopotea umeme ukikatika, kama ile ya RAM. Ile inayobaki, ya diski au ya flashi, huitwa "non-volatile". Kilichoruka hapa ni data. "Kumbukumbu ya muda" ni tafsiri ninayoiona mara kwa mara, lakini haisemi sababu, na mimi huandika "kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika". Wanaoandika programu kwa lugha ya C wanalo neno hili kama amri, inayoiambia programu ya kutafsiri msimbo isidhani kwamba thamani fulani imebaki vile vile tangu iliposomwa mara ya mwisho. Hao waliache kama lilivyo.

Kuna mahali ambapo neno hili halikai kabisa, na waandishi wetu hulilazimisha kwa sababu tu limo katika orodha ya maneno ya "kutokuwa thabiti". Meza inayotikisika ni "wobbly". Ngazi ya mbao iliyochakaa ni "rickety". Sauti ya mtu aliyetishika ni "shaky". Maisha ya kibarua asiyejua kama kesho ataitwa ni "precarious", kwani hayabadiliki kwa ghafla bali yamening'inia. Nyumba yenye msingi mbovu ni "unstable". Jambo hili huniletea daima mfano wa upepo. Sisi watu wa pwani tunayo tangambili, au maleleji, kile kipindi kati ya kusi na kaskazi ambapo upepo hauna mwelekeo mmoja na nahodha hupangua tanga lake mara kwa mara. Mwanafunzi mmoja aliandika "volatile wind", na kwa mantiki alikuwa karibu sana na ukweli. Lakini mabaharia wa Kiingereza husema "variable wind", na wakiukasirikia husema "fickle". Mantiki ya maana haitoshi. Lazima uangalie pia neno limezoea kukaa jirani na yapi.

Kuhusu ujirani huo, ukiandika kwa Kiingereza yafuatayo yatakutosha kwa muda mrefu. Neno hukaa kabla ya nomino, "a volatile market", au baada ya kitenzi, "the market is volatile". Huongezwa nguvu kwa "highly", "extremely" au "increasingly", na ulinganishi wake ni "more volatile", kamwe si kwa kubandika kiambishi mwishoni. Halifuatwi na kihusishi cha kudumu. Usiandike "volatile of" wala "volatile to". Nomino zinazolipenda ni "price", "market", "situation", "region", "temper", "relationship", "substance" na "compound". Kinyume chake hakichukui "un-" bali "non-", tena katika sayansi tu. Kwa bei sema "stable" au "steady", na kwa mtu sema "even-tempered". Waingereza hulitamka karibu na "vólatail", mkazo ukiwa mwanzoni, na Wamarekani huimeza silabi ya mwisho ikasikika kama "vólatl". Sisi, kwa mazoea ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hulitamka "volatáil" au "volata-íli", na msikilizaji mgeni hupotea.

Sikio nalo hutudanganya kwa upande mwingine. Nimesahihisha insha nyingi ambamo "volatile" limeandikwa pale palipotakiwa "violent", na nyingine ambamo limechukua nafasi ya "vulnerable". La kwanza ni la mtu au tukio lenye kutumia nguvu na kujeruhi. Mume mwenye hasira za karibu anaweza asiinue mkono hata siku moja, na kumwita "violent" ni kumshtaki. La pili ni la aliye katika hatari ya kudhuriwa, kama mtoto au kijiji cha pwani kinachomegwa na bahari. Namna ya kujihakiki ni kuuliza nani anatenda: "violent" hudhuru, "vulnerable" hudhuriwa, na "volatile" hubadilika.

Ukimaliza kutafsiri, fanya uhakiki mmoja wa mwisho. Lifunike andiko la Kiingereza, mpe mtu asiyelijua asome Kiswahili chako, kisha mwulize atafanya nini baada ya kusoma. Usimwulize kama ameelewa, maana kila mtu huitikia ndiyo kwa heshima. Nilipolirudisha tangazo la ghala lilikuwa limekuwa refu mara saba: "Vimiminika hivi hugeuka mvuke haraka, na mvuke wake hushika moto. Kaza kifuniko kila unapomaliza kumimina. Usiweke juani wala karibu na cheche." Nilimpa mtunza ghala yule yule. Alisoma mara moja, hakusema kitu, akaenda moja kwa moja dirishani kuyahamisha madebe.

Bado kuna matumizi moja yanayonishinda. Waandishi wa makala za Kiingereza hupenda kusema "a volatile mix", wakikusudia mambo mawili au matatu yaliyokutana yakawa hatari, mathalani ukosefu wa kazi, njaa na maneno ya uchochezi. Nimejaribu "mchanganyiko tete", ukanirudisha kwenye mayai. Nimejaribu "mchanganyiko unaolipuka", ukawa baruti tayari. Kwa sasa huandika "mchanganyiko unaongoja cheche", na humshauri kila mwanafunzi autumie hadi atakapopata ulio bora, kisha aje aniambie.